Kikundi cha Muziki Kisife na Kiongozi Wake
Mazungumzo na vikundi vya utamaduni, Mackinnon Road



Mada ya leo ni uongozi wa vikundi vya muziki. Kwale haina uhaba wa vikundi: kuna sengenya, kuna kayamba, kuna chifudu, kuna kwaya na kaswida. Vingi huanza kwa nguvu. Shida huja siku kiongozi anapohama, anapougua au anapofariki. Ngoma zimo nyumbani kwake, pesa zimo katika simu yake, nyimbo zimo kichwani mwake. Miezi michache baadaye kikundi hakipo tena, na vijana waliokuwa wakipata riziki ya harusi na sherehe wanabaki mikono mitupu.

Je, kuna kikundi cha pwani hii kilichoepuka ajali hiyo? Kipo, tena kimevuka miaka mia. Ni Nadi Ikhwani Safaa cha Unguja, okestra ya taarabu iliyoanzishwa mwaka 1905.

Historia yake inaanzia katika jumba la kifalme. Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, alipenda muziki wa Misri. Inasimuliwa kwamba alimtuma Mohamed Ibrahim kwenda Kairo kujifunza, naye aliporudi akawafundisha wengine, likapatikana kundi la kumtumbuiza Sultani. Kundi hilo lilikuwa la mfalme: riziki yake ilitoka kwa mfalme na amri yake vilevile.

Mwaka 1905 wapenzi wa muziki mjini Unguja wakafuata njia nyingine. Walianzisha nadi, yaani chama cha wanachama. Hapo ndipo penye somo. Mwezi Januari 1964 yalipotokea Mapinduzi, enzi ya masultani ilikwisha. Leo hakuna Sultani wala kundi la jumbani. Ikhwani Safaa kipo, na mwaka 2005 kilitimiza karne moja. Waanzilishi wake wamekwisha kufariki wote, lakini chama hakikuzikwa nao.

Chama hicho hakikudumu kwa kuganda palepale. Hapo awali nyimbo zake zilikuwa za Kiarabu. Mjini humo humo akatokea Siti binti Saad, mwanamke wa asili ya kijijini, aliyeimba kwa Kiswahili na ambaye mwaka 1928 alirekodi sahani za santuri huko Bombay. Watu wakataka kusikia maneno wanayoyaelewa, na baadaye Ikhwani Safaa nacho kikaimba Kiswahili. Wanawake pia wakapata nafasi ya kuimba katika chama kilichoanza kikiwa cha wanaume. Mwaka 1958 kikazaliwa kikundi kingine, Culture Musical Club. Vyote viwili vipo hadi leo, na mji una okestra mbili badala ya moja.

Katika okestra hizo kuna udi, fidla, nai, kodiani, dumbaki na rika. Kuna pia ala ya nyuzi zaidi ya 70 inayoitwa kanuni, ambayo wenzake huisikiliza ili kupatanisha sauti zao. Si ajabu kwamba jina lake ni lilelile la kanuni tunazoziandika katika vitabu vya vyama. Bila ya kwanza muziki hukorogeka; bila ya pili wanamuziki hugombana.

Hata Ulaya ni hivyo. Okestra ya Wiener Philharmoniker ya Austria, iliyoanza mwaka 1842, huongozwa na wanamuziki wenyewe. Wao huchagua kamati yao, na tangu 1933 hawana kondakta wa kudumu, humwalika wamtakaye.

Lakini kupokezana uongozi peke yake hakutoshi. Mwaka 2002 kilianzishwa Zanzibar chuo cha muziki, Dhow Countries Music Academy, nacho kimewafundisha vijana wengi kupiga taarabu. Mwaka 2019 kilikaribia kufungwa kwa sababu fedha za wafadhili wa nje zilipungua. Walimu walikuwepo na wanafunzi walikuwepo. Kilichokosekana ni mfuko. Kikundi kinachomtegemea mfadhili mmoja kimo hatarini sawa na kile kinachomtegemea kiongozi mmoja.

Basi vikundi vya Kwale vifanye nini? Kwanza, visajiliwe. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022 inataka kikundi kiwe na wanachama wasiopungua kumi, kiwe na katiba, na kiwe na viongozi waliochaguliwa. Usajili hufanywa kwa afisa wa maendeleo ya jamii katika kaunti ndogo.

Pili, pesa ziwekwe katika akaunti yenye jina la kikundi, zisitolewe kwa sahihi ya mtu mmoja. Kila malipo ya harusi au ya hoteli za Diani, sehemu ibaki katika mfuko, hata ikiwa ndogo.

Tatu, ala ziandikwe katika daftari kuwa mali ya kikundi, ili mwenye kuzitunza akifariki warithi wasizihesabu kuwa zake.

Nne, kila fundi wa ngoma au kayamba awe na kijana anayejifunza kwake, na nyimbo zirekodiwe wazee wakingali hai.

Tano, katiba itaje muda wa uongozi, na uchaguzi ufanyike muda huo ukifika, hata kama mwenyekiti anapendwa. Mwenyekiti apendwaye ana kazi moja kubwa kuliko zote: kumwandaa atakayekaa kitini baada yake. Kazi hiyo ianze yeye akiwa na afya na nguvu, si siku ya matanga.