MAJANI YA MICHOMO: TUSIYATIE MOTO
(Maneno ya Katibu wa Tawi kwenye mkutano wa Ushirika)



Leo tunasema juu ya yale majani ya michomo yaliyojaa kule tambarare, kwenye mchanga. Wataalamu huyaita Aristida. Mbegu yake ina ncha kama sindano, na nyuma ina nywele tatu ndefu. Huingia kwenye nguo, kwenye ngozi ya mbuzi, hata machoni na mdomoni.

Wako wanaosema, "Yatiwe moto, yaishe." Sisi tunasema hapana.

Majani haya tumeyakaribisha wenyewe. Mifugo yetu ilimaliza majani mazuri ya kudumu mpaka shinani, ardhi ikabaki wazi. Haya ya michomo hayachagui: mvua kidogo tu, yameota, yametoa mbegu. Lakini ndiyo yanayoshika udongo sasa. Tukiyachoma, maji yatakayoteremka mlimani yatazoa udongo wote.

Na sisi hatuna pa kuhamia. Mkomazi ilifanywa pori la akiba mwaka 1951, na mwaka 2008 ikawa hifadhi ya taifa. Malisho yetu ni haya haya.

Basi tufanye hivi:

1. Yakiwa machanga mifugo huyala. Tuyalishe wakati huo, kabla hayajatoa masuke.

2. Yakishatoa masuke, mbuzi wasipitishwe humo. Kila jioni tuwakague macho na midomo.

3. Tufunge sehemu moja ya malisho tangu mvua ianze, tuifungue kiangazi. Majani ya kudumu yakipumzika hurudi. Wenzetu Wasukuma wa Shinyanga huiita ngitili, na tangu mwaka 1986 mradi wa HASHI uliwasaidia kuzirudisha nyingi.

Mtasema tumechelewa. Ndugu zangu, sisi tulioshika kalamu ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, tuliambiwa hivyo hivyo. Leo ubao huu tunauandika wenyewe.

Wazee wetu Wapare walichimba ndiva kwa msaragambo, hakuna aliyelipwa. Na sisi tutazungushia boma la miiba kwa msaragambo. Jumamosi, pembe ikilia, kila kaya itoe mtu mmoja na panga lake. Mwenye mbuzi mmoja na mwenye mbuzi hamsini, wote waje.

Umoja ni nguvu.

Katibu wa Tawi