Wimbo Ambao Mungu Anaukataa
Neno kwa wanakwaya na washirika siku ya yubilei



Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, akina mama, akina baba, vijana, na wanakwaya wote wa zamani na wa sasa: karibuni Buruburu kwenye yubilei yetu. Leo tutaimba, tutakata keki, tutawakumbuka waliotutangulia. Kabla ya hapo, tunaomba tufungue pamoja Amosi 5, mstari wa 21 hadi wa 24. Ni andiko ambalo sisi waimbaji hatupendi kulisoma.

Amosi, mchunga kondoo wa Tekoa, alitumwa Betheli, mahali palipojaa sikukuu, sadaka na nyimbo. Akawaambia kwamba Mungu amechoka na kelele za kuimba kwao. Shida haikuwa besi kushuka wala ngoma kuzidi. Shida ilikuwa nje ya ibada: maskini alitozwa nafaka yake, mnyonge alinyimwa haki barazani, na waliofanya hayo wakaja kuimba.

Sisi tunaoimba tuna hatari yetu. Maneno matakatifu yamo midomoni mwetu kila juma, nasi huyazoea. Mazoezini tunauliza kama noti ni sawa. Ni mara chache tunauliza kama neno lenyewe limetugusa.

Mfalme Ahabu alikuwa na manabii wapatao 400, wote sauti moja. Mikaya peke yake alisema tofauti, na mfalme alimchukia kwa sababu hiyo (1 Wafalme 22). Wanakwaya mnalijua jambo hili: sauti zote nne zaweza kushuka pamoja na kupatana vizuri kabisa, mpaka kinanda kiguswe. Neno la Mungu ndicho kinanda chetu. Tusikizime kwa sababu kimetuumbua.

Hapa hapa Eastlands tumeona mfano. Tarehe 17 Novemba 2024 Rais alihudhuria misa katika kanisa Katoliki la Soweto, akatoa shilingi milioni 2 za nyumba ya mapadre, na shilingi 600,000 za kwaya na kundi jingine la parokia. Kesho yake Jimbo Kuu la Nairobi likatangaza kwamba fedha hizo zirudishwe, ili kanisa lisitumiwe kisiasa. Hatusemi kila mchango ni mbaya, wala hatuwahukumu ndugu zetu wa Soweto. Lakini swali hilo linabisha hata kwetu: anayetununulia sare na spika, je, bado tunaweza kuimba mbele yake wimbo usiompendeza?

Na neno lenyewe yubilei, tumelitoa wapi? Mambo ya Walawi 25. Mwaka wa 50 baragumu ilipigwa, mashamba yakarudi kwa wenyewe, na waliojiuza kwa umaskini wakaenda huru. Furaha ile ilimgharimu mtu: aliyeshika shamba la mwenzake alilazimika kuliachilia.

Basi tunaleta pendekezo. Wako ndugu walioacha kuja mazoezini kwa sababu ya deni la sare au la nauli ya safari za kwaya. Leo madeni hayo yafutwe. Juma hili tuwatembelee nyumbani kwao, tusiwaulize pesa, tuwaambie nafasi zao zipo. Na kuanzia sasa, asiwepo mtu atakayezuiwa kuimba kwa kukosa kitambaa. Tunajua mweka hazina atakuna kichwa. Hata hivyo, afadhali sanduku liwe jepesi kuliko wimbo wetu kukataliwa.

Wahenga walisema, msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Bwana atupe masikio ya kumsikia hata anapotukemea sisi, na atupe miaka mingine ya kumwimbia.

Mungu awabariki nyote. Amina.