Kamari Ikiingia Nyumbani: Kabla Hujalipa Lile Deni

Leo hatuzungumzii malaria wala chanjo. Tunazungumza juu ya kamari, yaani kubeti, na hasa juu yako wewe unayeishi na mtu ambaye kubeti kumemshinda: mume, mtoto, ndugu, pengine mzazi wako mwenyewe.

Huenda ukauliza, muuguzi na kamari ni wapi na wapi? Kwenye kliniki ya watoto tunapima uzito. Mtoto akirudi mara ya pili bila kuongeza hata kidogo, na hana homa wala kuhara, tunamuuliza mama mtoto anakula nini. Wengi hujibu haraka, "Anakula tu vizuri." Mlango ukifungwa, akipewa nafasi, ndipo husema kwamba pesa za maziwa ziliingia kwenye simu ya baba na hazikutoka. Kwa hivyo hili ni jambo la afya. Shirika la Afya Duniani nalo limeitaja kamari isiyozuilika katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022.

Si kila anayebeti ni mgonjwa. Wako wanaoweka shilingi 50 Jumamosi, wanapoteza, wanacheka, wanaenda zao. Mgonjwa ni yule ambaye hata akitaka kuacha hawezi. Dalili moja nakuomba uikumbuke kuliko zote: akipoteza, haondoki. Anarudi na pesa zaidi ili arudishe zile zilizokwenda. Kisha utaona nyingine. Usiku yuko macho na simu chini ya blanketi. Anakopa kwa huyu na kwa yule, kila mmoja akiambiwa hadithi yake. Mtungi wa gesi unatoweka, halafu redio. Akikaa siku mbili bila kubeti hatulii, na anafoka kwa jambo dogo.

Kwa nini haachi? Fikiria mkeka wa mechi 10. Tisa zimeingia, moja imeuchana. Wewe unaona amepoteza. Yeye akilini mwake anaona alikuwa karibu kushinda, na huo ukaribu unamwasha kama ushindi wenyewe. Hebu tufanye hesabu. Hata kama kila mechi ingekuwa kama kurusha sarafu, kubahatisha zote 10 ni nafasi 1 kati ya 1,024. Na ule mchezo wa ndege kwenye simu, Aviator, hauna kumbukumbu. Ndege ikianguka mapema mara tano haimaanishi kwamba ya sita itapaa. Wapo watakaosema kijana amerogwa, au mke ana mkosi. Kwa heshima zote, wazee wangu, hakuna aliyemroga. Ni hesabu ndiyo inayomla.

Sasa tufike penye uzito, yaani deni.

Tuseme ni jioni. Mwanao wa miaka 24, mwendeshaji wa bodaboda, anaingia ameinamisha kichwa. Amebeti pesa za mwenye pikipiki, shilingi 9,000, na kesho asubuhi anadaiwa. Analia. Nawe zamu yako ya chama imefika leo, pesa unazo. Mkono wa mama unaenda kwenye mkoba wenyewe. Nakuomba usubiri angalau hadi asubuhi.

Kwanza, hizo 9,000 mara nyingi si deni lote. Amekutajia lile linalomwuma kesho. Yapo ya mikopo ya simu, ya marafiki, ya shailoki aliyemwachia kitambulisho. Ukilipa hilo moja, mengine yanabaki gizani, na njia anayoijua yeye ya kuyalipa ni kubeti. Pili, deni likifutwa kimya kimya usiku, asubuhi mtu huyu ana nafasi ya kukopa tena. Hujamponya, umempa mtaji. Na ukilipa kwa siri ili baba yake asijue, basi sasa nyumba ina wanaoficha wawili.

Asubuhi, chukueni karatasi. Mwambie afungue jumbe za simu, mwandike kila deni, la nani na kiasi gani. Kazi hiyo huchukua muda na ina aibu, lakini akishaiona jumla kwa macho yake huwa ameanza matibabu bila kujua. Kisha aende yeye mwenyewe kwa mwenye pikipiki, aombe kulipa kidogo kidogo kutoka kwa kazi yake. Unaweza kumsindikiza. Usimsemee.

Kuna washauri wanaosema usimsaidie hata kwa shilingi moja. Mimi siendi mbali hivyo, kwa sababu najua wapo wadai wanaopiga watu. Familia ikikubaliana kusaidia, isaidie mara moja, mbele ya wote, baada ya yeye kumwona mshauri, na pesa ziende kwa mdai moja kwa moja. Zisipitie mikononi mwake.

Hapo kwenye simu pana jambo akina mama wengi hawalijui. Mtu akiwa na deni la Fuliza, pesa yoyote inayoingia kwenye M-Pesa yake hukatwa deni kwanza. Ukimtumia 500 anunue unga, huenda unga usinunuliwe, na safari hii hatakuwa amekudanganya. Nunua unga mwenyewe, au mlipe mwenye duka.

Vivyo hivyo karo ilipwe kwenye akaunti ya shule, na kodi kwa mwenye nyumba. Badilisha namba yako ya siri ya M-Pesa, na usiwape watoto, maana mtoto hutumwa. Usiwe mdhamini wa mkopo wake, na laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako usimwazime. Ukimwamini mweka hazina wa chama, mwombe akulipe kwa bidhaa au akuhifadhie. Yeye naye, siku aliyokubali kuacha, aiandikie kampuni ya kamari akiomba akaunti yake ifungwe, na afute programu hiyo mkiwa mmeketi pamoja. Wengine humnyang'anya simu kubwa na kumpa mulika mwizi. Si vibaya, lakini hata kwa simu ndogo mtu anaweza kukopa na kubeti, kwa hivyo usiitegemee hiyo peke yake.

Kuhusu kuzungumza naye, usianze usiku aliopoteza, wala amelewa, wala watoto wakisikia. Ngoja ametulia. Anza na ulichokiona: "Baba Amani, karo ya mtoto tuliyoweka haipo, na naona hulali. Nina wasiwasi juu yako." Hilo analisikia. "Wewe ni mwizi, umetuua" halisikii, hata kama una haki ya kulisema. Akikana, usibishane. Mwambie pesa za nyumba sasa zitashikwa vipi, kisha unyamaze.

Msaada upo. Nendeni kituo cha afya mkaulize mshauri nasaha, au mtumwe hospitali ya kaunti ndogo au ya kaunti penye muuguzi wa afya ya akili. Tiba yake kubwa ni mazungumzo, wiki baada ya wiki, ya kujifunza kuijua saa ile tamaa inapopanda na la kufanya hadi ishuke. Msitarajie sindano. Na mjue kwamba anaweza kuanguka tena, ligi ikifunguliwa au mshahara ukiingia. Akianguka, mrudisheni kwa mshauri wiki hiyo hiyo. Hata yeye akikataa kwenda, wewe nenda. Mke au mama wa mcheza kamari naye hukosa usingizi, hupanda presha, na anastahili kusikilizwa.

Sasa naomba upunguze sauti ya sufuria unisikilize vizuri. Deni la kamari linaweza kumfanya mtu aone heri afe. Akianza kuaga watu, kugawa vitu vyake, au kusema "mtapumzika nikiondoka", usichukulie kuwa ni maneno tu. Muulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Kumuuliza hakumpi wazo hilo. Wengi huona nafuu kwamba mtu ameuliza. Usimwache peke yake usiku huo. Ondoa nyumbani dawa ya kunyunyizia mimea, dawa ya ng'ombe na kamba, kisha mpeleke hospitali. Familia nyingi zilificha mgonjwa wa namna hii kwa kuogopa polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya jinai, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kinakwenda kinyume cha Katiba. Mpeleke. Unaweza pia kupiga 1199, Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, bila malipo.

Akikupiga kwa ajili ya pesa, hilo si la kuvumilia eti kwa sababu ni mgonjwa. Piga 1195. Ikiwa ni mtoto anayeumizwa au kunyimwa, ni 116.

Nimesema "yeye" muda wote kana kwamba kamari ni ya wanaume. Mama, ukiwa ni wewe, na pesa za chama ndizo zimeingia kwenye simu, hakuna mlango tofauti. Kituo cha afya ni kile kile. Waweza kuja na kadi ya kliniki ya mtoto kama kawaida, ukisubiri zamu kama wengine, na ukifika ndani umwambie muuguzi kwamba leo hukuja kwa ajili ya mtoto.

Wiki ijayo, saa hii hii, tutazungumza juu ya presha wakati wa ujauzito.