Hewa Iliyopita Dirishani: Kusoma Kosa P0171 Kati ya Ikolo na Uyole



Nilikuwa nimeandaa mhadhara mwingine kabisa, juu ya karbureta na namna ilivyotoweka barabarani. Nimeuweka kando kwa sababu ya maneno niliyoyasikia chini ya mwembe, kwenye gereji moja isiyo mbali na hapa: "Mashine imesema sensa ya oksijeni. Nunua nyingine tufunge." Nimeyasikia Uyole, nimeyasikia Tukuyu, na kwa masikitiko nimeyasoma katika karatasi za mitihani za wanafunzi wangu. Leo nataka kuyajibu.

Msingi nitaupita haraka, wengi mnaujua. Petroli huungua vizuri ikipata sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya mafuta, kwa uzito. Sensa ya oksijeni ilianza kufungwa kwenye magari ya Volvo yaliyouzwa California mwaka 1976. Kuanzia magari ya mwaka 1996, Marekani ikalazimisha lugha moja ya makosa, ndiyo hiyo mashine zetu ndogo husoma. Kontroli boksi hupima hewa inayoingia, hukadiria mafuta, husikiliza sensa, kisha husahihisha. Lipo sahihisho la papo hapo, na lipo la muda mrefu linalobaki kwenye kumbukumbu. Gereji wanasema "trimu". Mimi nasema sahihisho, na nina sababu: jina hilo linatukumbusha kwamba namba tunayoisoma ni kazi iliyofanywa na kontroli boksi. Si jina la kifaa kilichokufa.

Sasa tuyapime yale maneno ya chini ya mwembe. Isomeni P0171 kama mnavyosoma anwani. P ni injini na gia. Sifuri ni kosa la lugha ya wote, si la kampuni moja. Namba 1 inayofuata inatupeleka kwenye mtaa wa hewa na mafuta. 71 inasema: mchanganyiko ni mwembamba kupita kiasi, upande wa kwanza wa injini. Sensa imetajwa wapi? Haipo. Na sensa ina namba zake. P0130 ni saketi yake, P0131 ni volti kuwa chini, P0135 ni hita yake. Kontroli boksi ikitaka kuishtaki sensa, ina maneno ya kufanya hivyo. Ikiandika P0171 inasema tu: "Nimeongeza mafuta hadi mwisho wa ruhusa yangu, na bado naambiwa hewa imezidi." Kwa magari mengi mwisho huo ni karibu asilimia 25. Kumng'oa aliyeleta habari kwa sababu habari ni mbaya ni kumpiga tarishi.

Lakini lazima niwatendee haki wanaonipinga. Imani yao ina asili. Petroli yenye risasi ilikuwa ikiua sensa hizi kwelikweli, na ilitumika kusini mwa Sahara hadi mwisho wa mwaka 2005. Fundi aliyejifunza kazi miaka ile aliona sensa zikifa, akamfundisha kijana wake, na kijana akafundisha wengine. Hata leo gundi ya gasketi yenye silikoni ikifika kwenye chumba cha moto huziharibu. Na bomba la moshi likipasuka kabla ya sensa, hewa ya nje huingia pale na sensa hudanganyika bila kosa lake. Nayakubali yote haya. Ndiyo maana nasema sensa ihojiwe kabla ya kuhukumiwa. Kwa zile za aina ya zamani, nyunyiza kidogo dawa ya kusafishia karbureta kwenye mdomo wa hewa, injini ikinguruma. Volti ikiruka kutoka chini ya 0.2 hadi karibu na 0.9, sensa ni nzima na inasema kweli.

Hapa niombe ruhusa ya kumsifu shahidi wangu nimpendaye. Kosa linapowaka, kontroli boksi huhifadhi picha moja ya dakika ile: mizunguko ya injini, joto la maji, mwendo wa gari, mzigo, masahihisho yote mawili. Hakuna abiria anayekumbuka hivyo, hakuna dereva asiyeongeza chumvi. Ile picha haina upande. Na watu huifuta! Wanafuta kosa kwanza, taa izime, mteja afurahi, wakati ushahidi wote umekwenda na maji. Mwanafunzi wangu akifuta kosa kabla ya kunakili picha kwenye daftari, simpi alama hata kama gari limepona.

Gari dogo la mjomba wangu, linalobeba watu kati ya Ikolo na Kyela mjini, lilikuwa limefungwa sensa mbili mpya ndani ya mwaka mmoja. Mjomba aliuza magunia ya mpunga kuzilipia. Nilipokwenda kumsalimia akaniambia, "Mwanangu, wewe ndiye msomi, tazama." Picha ilisema: mizunguko 700, maji ya moto, mwendo sifuri. Gari lilikuwa limesimama! Kwenye sailensi, mguu ukiwa nje ya pedali, sahihisho la muda mrefu lilikuwa asilimia 25. Nikakanyaga hadi mizunguko 2,500, nikashika hapo. Jumla ya masahihisho ikashuka hadi 6.

Tazameni hesabu yake. Injini ndogo ikiwa kwenye sailensi huvuta hewa kama gramu 2 kwa sekunde. Tundu likipitisha nusu gramu isiyopimwa, hiyo ni robo nzima. Kwenye 2,500 injini huvuta kama gramu 8, na nusu gramu ile ile inakuwa asilimia 6 tu. Sensa ya hewa ni bawabu mlangoni, huhesabu kila anayepita. Hewa hii ilikuwa inapita dirishani. Nikapapasa nyuma ya manifoldi, kidole changu kikazama kwenye mpira wa mvuke wa injini. Panya. Mjomba alikuwa akilaza gari kando ya ghala la mpunga.

Ingekuwa pampu dhaifu au filta iliyoziba, namba zingegeuka: nzuri pale gari limesimama, mbaya likibeba mzigo. Na kwa kipimo hicho sisi wa huku tuna maabara ambayo vyuo vingi havina. Ziwa Nyasa liko kama mita 475 juu ya usawa wa bahari. Ukipita Ibanda kwenda Tukuyu na kuvuka hadi Uyole, unapanda zaidi ya mita elfu moja. Mlima ule ndio unaomhoji mwenye pampu mbovu. Wapo wanaoniambia kwamba gari "lililozoea Mbeya" huchanganyikiwa likishuka Kyela kwa sababu hewa ni nzito. Ni kweli hewa ya Uyole ni nyepesi kuliko ya Kyela, kwa zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi. Lakini bawabu anayepima hewa kwa uzito hajali mwinuko, na sahihisho la injini nzima halipaswi kuyumba kwa safari ile. Likiyumba, mlima umefichua ugonjwa, haukuuleta.

Nimepima pande zote, na bado nashikilia langu: uchunguzi wa kosa la mchanganyiko mwembamba uanzie kwenye mipira. Haya magari yetu hufika bandarini Dar es Salaam yakiwa yamekwisha kula miaka kumi na zaidi, kisha tunayaleta kwenye joto la Kyela, ambako mpira hukauka ukakatika kama biskuti. Mwezi mmoja baada ya lile gari la mjomba nilipata gari ambalo sensa yake ilikuwa imekufa kweli, volti imelala pale pale hata niliponyunyiza dawa. Nilikuwa nimetumia nusu saa nikipapasa mipira kabla ya kuigusa. Kesho yake likaja jingine lenye P0171, nikafungua boneti, nikaanza na mipira.