CHEO SI DAWA
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi)



Kamati imetupa nafasi ya kusema juu ya jambo ambalo si la kila siku katika mikutano yetu. Tumezoea kusema habari za mishahara, nyumba na likizo. Leo twataka kusema habari za wakubwa ambao, wakiwa wameshika kazi ya serikali, husimama mbele ya watu na kutangaza mambo ya dawa na magonjwa ambayo hayakupimwa, au yamepimwa na kuonekana si kweli. Jambo hili latuhusu sana sisi wafanyi kazi. Tajiri akidanganywa juu ya dawa, atapanda ndege akatibiwe kwingine. Mfanyi kazi akidanganywa atazikwa, na sisi tutapitisha karatasi ya mchango.

Sisi watu wa reli twajua kupima. Kabla ya gari la moshi kuondoka stesheni, breki hujaribiwa na mshale wa kipimo hutazamwa. Usipofika mahali pake, gari haliondoki. Hata kama Waziri amepanda, na Waziri ana haraka, mshale haumjui Waziri. Haupandi kwa amri wala kwa kubembelezwa. Dawa nayo ina kipimo chake, na kipimo hicho hakisomi cheo cha mtu.

Tuanze hapa kwetu, tusije tukaonekana tunacheka nyumba ya jirani. Mwaka wa 1990 dawa iliyoitwa Kemron ilitangazwa hapa Kenya kuwa yawasaidia sana wagonjwa wa Ukimwi, na Rais wa wakati ule, Daniel arap Moi, mwenyewe alishiriki kuitangaza. Watu walifurahi, na wageni wakaja kutoka mbali kuitafuta. Baadaye dawa ya namna hiyo ilijaribiwa kwa uangalifu huko Kampala. Wagonjwa waligawanywa makundi mawili: wengine walipewa dawa, wengine kitu kinachofanana nayo lakini hakina dawa ndani, na mgonjwa hakujua amepewa kipi, wala daktari wake. Mwisho wake haikuonekana faida. Waliotafuta dawa hawakukosa kwa kutafuta, maana kutafuta ni kazi njema. Kosa lilikuwa kupiga ngoma kabla mshale haujapanda.

Sasa twende Afrika ya Kusini, ambako jambo hili lilileta msiba mkubwa zaidi.

Mwaka wa 1999 Thabo Mbeki alikuwa Rais. Alikuwa mtu msomi, na alikuwa amepigania uhuru wa watu wake miaka mingi. Lakini alianza kutia shaka mbele ya watu kama kweli virusi ndivyo vinavyoleta Ukimwi. Mwaka wa 2000 aliunda baraza la kumshauri, akawaweka humo pamoja na madaktari wengine watu waliosema virusi havina neno. Mwaka huo huo wataalamu zaidi ya 5,000 walitia sahihi tamko la Durban, wakasema ushahidi ni wazi kwamba virusi ndivyo vinavyoleta Ukimwi. Haikusaidia. Waziri wake wa Afya, Manto Tshabalala-Msimang, ambaye alisomea udaktari, aliwasifia watu kitunguu saumu, ndimu na viazisukari vyekundu, na akawatia hofu juu ya dawa za hospitali. Hata katika mkutano mkuu wa Ukimwi huko Toronto mwaka wa 2006, meza ya nchi yake ilipambwa kwa ndimu na vitunguu saumu.

Ndugu, hatusemi vitunguu ni vibaya. Mgonjwa lazima ale vizuri. Wala hatusemi miti ya dawa ya wazee ni upuzi, kwa maana dawa nyingi za hospitali zilitoka katika miti. Twasema mti nao upimwe. Na pia twakubali kwamba Mbeki alisema kweli katika mambo mawili: kwamba umaskini huongeza magonjwa, na kwamba makampuni ya dawa yalikuwa na tamaa ya fedha. Hapo ndipo penye hatari. Maneno yasiyo kweli yakifungwa pamoja na ya kweli, huchukuliwa yote kama mzigo mmoja.

Sikilizeni gharama yake. Ilikuwako dawa iliyoitwa nevirapini. Wakati ule mama alimeza mara moja aliposhikwa na uchungu, na mtoto alipewa kidogo baada ya kuzaliwa. Ilijaribiwa hapa karibu, Uganda, na mwaka wa 1999 ikaonekana yapunguza karibu nusu ya watoto wanaoambukizwa. Mwaka wa 2000 kampuni iliyoitengeneza ilisema itaitoa bure kwa miaka mitano. Serikali ya Afrika ya Kusini ikairuhusu mahali pawili tu katika kila jimbo. Mama aliyejifungulia hospitali nyingine ya serikali hakuipata. Wataalamu wa chuo cha Harvard walipiga hesabu mwaka wa 2008, wakasema kwa kuchelewesha dawa kati ya mwaka wa 2000 na 2005, watu zaidi ya 330,000 walikufa ambao wangeweza kuishi zaidi, na watoto kama 35,000 walizaliwa na virusi ambavyo wangeweza kuepushwa navyo.

Je, wafanyi kazi wa nchi ile walikaa kimya? Hapana. Shirikisho lao, COSATU, lilikuwa rafiki wa chama cha Mbeki, ANC, tangu siku za kupigana na ubaguzi. Makampuni ya dawa 39 yalipoishtaki serikali yao ili kuzuia dawa za bei nafuu, wafanyi kazi pamoja na chama cha wagonjwa, Treatment Action Campaign, walisimama upande wa serikali, na mwaka wa 2001 makampuni yakaondoa kesi. Lakini serikali hiyo hiyo ilipowanyima akina mama nevirapini, chama cha wagonjwa kiliipeleka kortini. Tarehe 5 Julai 2002 Korti ya Katiba iliamuru dawa itolewe bila kukawia. Mwaka huo huo COSATU na chama cha wagonjwa walifanya mkutano mkubwa Durban kudai matibabu kwa wote. Serikali ikakubali mpango wa dawa mwishoni mwa mwaka wa 2003. Mbeki aliondoka madarakani Septemba 2008, na Waziri mpya wa Afya, Barbara Hogan, akasema waziwazi kwamba virusi ndivyo vinavyoleta Ukimwi.

Tazameni vizuri jambo hilo. Wafanyi kazi wale hawakuwa maadui wa serikali yao. Waliisaidia ilipokuwa na haki, wakaipinga ilipokosa. Urafiki wa chama cha wafanyi kazi na wakubwa usipofika hapo, basi si urafiki, ni utumishi.

Kwa hivyo twaomba tawi letu likubali mambo matatu.

La kwanza, mwenye cheo akitangaza dawa au akikataza dawa, tumwulize: Nani amepima? Wamepimwa watu wangapi? Na mtu asiyepata faida ndani yake, amepima tena? Kumwuliza hivyo si utovu wa heshima. Hata stesheni masta huulizwa kama njia iko wazi.

La pili, mwanachama yeyote asiache dawa ya hospitali kwa sababu ya hotuba ya mkutanoni, hata kama msemaji ni mtu wa kwao, wa kabila lake, au wa dini yake. Mtu mwenye virusi akimeza dawa zake kila siku aweza kufanya kazi mpaka apate pensheni na kuwaona wajukuu. Akiwa na shaka, amwulize daktari au muuguzi, wala asikae na shaka yake peke yake nyumbani.

La tatu, Kamati imwite muuguzi kila baada ya miezi mitatu aseme nasi hapa hapa, na maswali yaulizwe bila haya. Na siku za kura tukumbuke mbunge alisema nini wakati watu walipokuwa wagonjwa, si barabara aliyoahidi tu.

Bwana Mwenyekiti, tumemaliza. Twaomba mambo hayo matatu yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano na yapigiwe kura leo, kabla watu hawajaondoka kwenda zamu ya usiku.

Umoja ni nguvu.