Mbegu ya Muhogo kwa Jirani

Jioni hii twapenda kuzungumza nanyi juu ya mbegu ya muhogo. Jirani akija kuomba pingili za kupanda, ni nani katika vijiji vyetu atakayemdai fedha? Hukatiwa mzigo wake, akaenda zake. Desturi hii ni njema, wala hatukusudii kuiondoa. Twataka tu mtoaji akitazame kwanza kile anachokitoa.

Muhogo una maradhi mawili makubwa. Ya kwanza ni batobato, nayo yatambulikana upesi, kwa kuwa majani huwa na mabaka ya manjano na kujikunja. Mjerumani Warburg aliyaeleza tangu mwaka 1894. Ya pili ni michirizi ya kahawia, nayo yana hila. Mti waweza kusimama vizuri, majani yakapendeza macho, kumbe chini ya udongo mihogo imeoza, mikavu, ya rangi ya kahawia, haifai kwa chungu wala kwa unga. Habari zake ziliandikwa na Bwana Storey wa Amani, huko Usambara, mwaka 1936.

Nzi weupe, wadogo mno, huyachukua maradhi haya kutoka mti hata mti. Lakini safari ndefu ni ya mwanadamu, mwenye mzigo wa pingili kichwani. Michirizi ilidhaniwa kuwa ya pwani na nchi za chini. Tangu mwaka 2004 imeonekana Uganda, nchi ya juu.

Basi mwenye shamba achague miti ya mbegu majani yakiwa yangali juu yake, maana shina lililopukutika halisemi neno. Kisha aing'oe, aipasue mihogo yake kwa kisu, mmoja mmoja. Akiona doa la kahawia, shina lile asimpe mtu. Mtasema, “Je, nisiitwe mchoyo?” Mpe jirani kikapu cha mihogo mizima akapike, huo ni ukarimu pia, na shamba lake litapona.

Vivyo hivyo katika maonyesho ya Nane Nane, yafanywayo Tanzania kila mwezi wa Agosti. Watu huvutiwa na mihogo minene mezani, wakatamani mbegu yake. Tusione haya kumwuliza mwenye banda: imetoka shamba gani, na je, amekwisha kuipasua?

Iko mbegu iliyotembea kwa heri. Pale Amani wataalamu waliupandisha muhogo na mti wa mpira wa Ceara, wakapata muhogo wenye kuistahimili michirizi. Wakulima wakapeana, mkono kwa mkono, hata jina la kwanza likapotea. Kusini mwa Tanzania waitwa Namikonga; pwani ya Kenya, Kaleso. Wataalamu walipochunguza uzao wake katika miaka hii ya karibu, waliona ni muhogo mmoja.