Gundi Tunayoikwangua na Kuitupa
Hotuba ya Katibu katika Sherehe ya Miaka 10 ya Chama



Halmashauri imeniagiza niseme machache juu ya gundi ya nyuki, ile nyeusi ing'ang'aniayo vidoleni wakati wa kurina. Kwa miaka 10 tumepima asali na nta. Gundi tumeikwangua na kuitupa majanini.

Nyuki wenyewe hawaitupi. Huichuma katika machipukizi na magome ya miti, wakaichanganya na nta, wakaziba nyufa za mzinga. Panya akifia humo, nao hawana nguvu za kumtoa, humpaka gundi mwili mzima asioze. Waganga wa Kiyunani na wa Kirumi waliitia katika vidonda.

Taabu yake ni kwamba haiyeyuki vema katika maji, na mtu akiimeza, sehemu kubwa hupita tumboni pasipo kuingia damuni. Ndiyo sababu wataalamu wa siku hizi huifanya chembe ndogo mno, zipimwazo kwa nanomita. Chukueni milimita moja katika rula ya mtoto wa shule, mwigawe mara 1,000,000. Kipande kimoja ndicho nanomita. Chembe nyingine hufungwa ndani ya kitozani, kitu kitengenezwacho kwa magamba ya kamba na kaa. Hutawanyika katika maji, huachia dawa polepole, na huweza kutiwa katika kitambaa cha kufungia kidonda. Katika maabara zimezuia vijidudu viletavyo usaha.

Lakini majaribio mengi yamefanywa katika vyombo vya kioo na kwa panya. Kwa binadamu bado ni machache. Nasema hivi kwa uchungu. Mwaka jana nilimkuta mchuuzi sokoni akinadi chupa za gundi, eti zaponya kisukari na saratani, na gundi yenyewe ameinunua kwetu. Mwanachama mmoja alimnunulia mama yake, asimpeleke zahanati kwa wiki tatu, na kidonda cha mguu kikazidi kuchimba. Niliona haya. Tena wako watu ambao gundi huwatoa vipele.

Jambo jingine: gundi hufuata miti. Ile ya kijani ya Brazili hutoka katika kichaka cha huko, na ya Ulaya hutoka hasa katika mipopla. Yetu ya miombo haiwezi kuazima sifa zao. Sharti ipimwe yenyewe.

Basi Halmashauri yaomba gundi ikwanguliwe kwa kisu safi, wala isichanganyike na mchanga au rangi ya masanduku, kwa maana rangi nyingine zina risasi. Kila mmoja aitie katika mfuko wake, aandike kijiji na mwezi, ailete ghalani pamoja na nta. Tutaiuza kama gundi, si kama dawa. Mnunuzi hajapatikana bado, nami sitawadanganya kuhusu bei. Mizani ndogo imekwisha kununuliwa. Iko mezani kwangu.